Kalenda ya koperative isiondoke pamoja na mradi



Maharagi ya msimu A hayangojee mtu. Mvua ikisha kushika vizuri mwezi wa tisa, mwenye mbegu mkononi anapanda, na asiye nayo anabaki kuangalia shamba la jirani likiota. Tukiuliza kwa nini mbegu zilichelewa, mara nyingi jibu si kukosa makuta. Tarehe ya kuagiza ilipita na hakuna aliyeikumbuka. Ilikuwa imeandikwa, ndiyo, lakini wapi? Ndani ya simu ya agronome, ndani ya ordinateri ya mradi kule Goma, ao kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa depo mpaka mvua ikailoesha.

Siku hizi koperative nyingi zinasikia habari za kuweka vitabu vyao ndani ya mashine yao wenyewe: orodha ya wanamemba, bordero za depo, picha za mashamba, barua. Ni wazo nzuri. Lakini watu wakianza, wanafikiri kwanza kuweka faili na picha. Maoni yetu ni haya: koperative iliyo na mashine ya namna hiyo, ao inayofikiri kuipata, iongeze kalenda ndani yake mbele ya kuongeza kitu kingine. Na kalenda hiyo iwe ya koperative, isiwe ya mradi wala ya mtu mmoja.

Mashine yenyewe ni kitu gani

Wengi wakisikia neno seva wanafikiri chumba kikubwa chenye baridi. Haiko hivyo. Toka mwaka 2012 kunauzwa ordinateri ndogo, kama ile ya Raspberry Pi, ambayo upana wake unakaribia kadi ya elekteri. Inakula wati chache tu, kidogo kuliko ampule moja ya zamani. Inaweza kutumia umeme unaotoka Matebe, na siku nyaya zikinyamaza, sahani ndogo ya jua na betri vinatosha kuibeba.

Ndani yake tunaweka programu ya kutunza mambo yetu. Moja inayojulikana sana ni Nextcloud. Mjerumani Frank Karlitschek alianzisha ownCloud mwaka 2010, na mwaka 2016 yeye na wenzake wakatoka na kuanzisha Nextcloud. Programu hiyo hailipishwi, na kila mtu anaruhusiwa kuifungua na kuangalia namna ilivyotengenezwa. Kalenda ni kipande kinachoongezwa juu yake. Anayesimamia mashine anakichagua katika orodha ya vipande, anakiwasha, kisha kila aliyepewa jina na neno la siri anaona ukurasa wenye siku na miezi.

Kuna jambo lingine la kujua. Kalenda hizi zinaongea lugha moja ya pamoja inayoitwa CalDAV, iliyokubaliwa mwaka 2007. Na tarehe zinatunzwa katika faili ya namna inayoitwa iCalendar, ambayo ipo toka 1998. Maana yake, tukichoka na programu moja tunaweza kubeba tarehe zetu zote na kuzihamishia kwingine. Hatufungwi. Ni kama mfuko wa mahindi: ukiwa na kipimo kinachojulikana, unaweza kuuzwa kwenye soko lolote.

Kazi ya msimu A inaanza mwezi wa sita

Tuchukue mfano wa maharagi. Tuseme tunataka kupanda karibu na tarehe 15 ya mwezi wa tisa. Tuhesabu kurudi nyuma. Mbegu ziwe zimefika mikononi mwa wanamemba mwisho wa mwezi wa nane. Mbele ya hapo, wiki mbili zinahitajika kwa kujaribu uotaji: kuhesabu mbegu 100, kuzifunika ndani ya kitambaa chenye maji, kungoja wiki moja na kidogo, kisha kuhesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 80, bado tuko na siku za kutafuta zingine. Kwa hiyo agizo linatakiwa kutoka mwanzo wa mwezi wa saba. Na anayechagua mbegu ndani ya shamba lake mwenyewe, anatakiwa kuweka alama kwenye mashina mazuri mbele ya kuvuna msimu B, ndiyo kusema mwezi wa sita.

Hesabu hii si ngumu. Kila mzee wa shamba anaijua. Shida ni kwamba hatuifanyi pamoja, na hatuifanyi kwa wakati. Kalenda ya koperative inaifanya mara moja na kuirudilia kila mwaka. Tunaandika "kujaribu uotaji", tunasema irudi kila mwaka, tunasema itukumbushe siku 7 mbele. Mwaka ujao, hata kama agronome amehamia Butembo, kengele inalia.

Ni vile vile kwa mambo mengine. Mahindi yakisha kuota, kupita shambani asubuhi kutafuta viwavi-jeshi, ambavyo vilionekana Afrika mwaka 2016 na toka hapo havijatuacha. Palizi ya maharagi mbele hayajatoa maua. Kupima unyevu wa mahindi mbele ya kuyafungia ndani ya depo, juu yakizidi asilimia 13 yanaweza kuoza na kuharibu mifuko ya jirani. Kila kazi iko na siku zake, na siku hizo zikipita, hata msaada mkubwa unakuja bule.

Sheria nayo iko na tarehe zake

Koperative yetu haishi kwa mashamba peke yake. Congo iko ndani ya OHADA toka mwaka 2012, na sheria ya OHADA juu ya koperative ilipitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010. Inataka mkutano mkubwa wa kawaida ufanyike angalau mara moja kwa mwaka, ndani ya miezi sita kisha kufunga mwaka wa hesabu. Na mwaliko uwafikie wanamemba angalau siku 15 mbele.

Tuweke hizo tarehe karibu na zile za shamba. Hesabu zinafungwa 31 Desemba, kwa hiyo mkutano usipite tarehe 30 ya mwezi wa sita. Lakini mwezi wa sita ni wakati wa kuvuna msimu B. Nani ataacha maharagi yake yapasukie shambani juu ya kuja kusikiliza hesabu? Wanakuja wachache, wanapiga kura wachache, na wengine wanasikia habari njiani. Kisha tunashangaa kuona wanamemba wanauza mazao yao kando, wakisema koperative ni ya watu fulani.

Mwenye kuona tarehe zote kwenye ukurasa mmoja atachagua katikati ya mwezi wa tano, palizi ikisha kuisha na mavuno hayajaanza. Na mwaliko utatoka mwisho wa mwezi wa ine. Hizo siku 15 ni muhimu zaidi kwa wamama. Mama mwenye watoto, shamba na meza sokoni hawezi kuja kwenye mkutano uliotangazwa jana jioni. Ukimpa habari kesho yake, umemwambia asije.

Saa ngapi, na saa ya wapi

Mtu anaweza kucheka jambo hili, lakini linaharibu kazi. Sisi tunasema saa mbili ya asubuhi, na kalenda inaandika 8:00. Mnunuzi kutoka Uganda anayepitia Bunagana anasema atafika saa nne, lakini saa nne yake, 10:00 ya Kampala, kwetu ni 9:00, ndiyo saa tatu. Kinshasa nayo iko nyuma yetu saa moja. Simu nyingi zinafika dukani zikiwa zimewekwa saa ya Kinshasa, na mwenye simu anasogeza tu mishale ili zilingane na saa ya huku, bila kubadilisha eneo. Huyo akiandika mkutano wa 8:00 ndani ya kalenda ya pamoja, wengine wataona 9:00.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya kuwasha kalenda, eneo la saa liwe lile la Lubumbashi, kwa mashine na kwa kila simu. Na tuandike tarehe kwa namba. Mmoja anasema Jumatatu, mwingine siku ya kwanza, mwingine lundi. Tarehe 18/5 haina lugha.

Kwa nini isibaki kwenye simu ya agronome

Kuna wenye kuuliza: kalenda za bure za makampuni makubwa zipo, kwa nini kujisumbua? Tunajibu kwamba kalenda ya bure iko na mwenyewe. Inafunguliwa kwa jina na anuani ya mtu mmoja, mara nyingi mfanyakazi wa mradi. Siku mradi unapofungwa, anuani ya kazi inafungwa, na tarehe za miaka mitatu zinaenda nayo: ni lini mvua ilianza, ni lini mbegu zilifika, ni lini mnunuzi alichelewa kulipa. Mradi mpya unakuja na kuuliza wanamemba maswali yale yale toka mwanzo.

Jarida hili ni la shirika la msaada, kwa hiyo tuseme wazi: miradi inaisha, ndivyo ilivyotengenezwa. Koperative ndiyo inabaki. Anayetoa mashine aandike ndani ya mkataba kwamba mashine, maneno ya siri na yote yaliyo ndani ni mali ya koperative toka siku ya kwanza. Na wafundishwe watu wawili kwa uchache, mmoja wao mwanamke, wanaoishi hapa na wasiofikiri kuhama.

Sababu nyingine ni intaneti. Kalenda ya kampuni inataka mtandao, na mtandao wetu tunaujua. Mashine iliyo ndani ya depo inaongea na simu kwa waifai ya depo peke yake. Haili mega za mtu. Simu ya androide inaongezewa programu ndogo kama DAVx5, inachukua tarehe zote ukipita depo, kisha inazitunza. Hata ukifika shambani pasipo mtandao kabisa, kengele italia.

Hatusemi mambo ya ndoto. Kule Gulu, kaskazini ya Uganda, BOSCO-Uganda ilianza mwaka 2007 kuunganisha kambi za waliokimbia makwao, kwa ordinateri zinazokula umeme kidogo, nguvu za jua na waifai ya mbali. Kwenye kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, jamii ilipata mtandao wake unaoitwa Pamoja Net. Hizo ni sehemu ngumu kama za kwetu, na watu walianza na kile kinachowezekana.

Kalenda inaweza pia kuumiza

Hapa tunaomba kila mmoja asome polepole. Hatuna haja ya kuelezana mambo ya usalama katika Rutshuru. Kalenda inasema mambo mengi kuliko orodha ya majina. Mtu akisoma "kulipa wanamemba, depo, 9:00", anajua makuta yatakuwa wapi na siku gani. Akisoma "camion ya kahawa kuondoka", anajua ni nani wa kungojewa njiani.

Nextcloud inaruhusu kuficha. Kalenda inaweza kugawanywa kwa watu wa kusoma tu, bila ruhusa ya kubadilisha. Na kila tukio linaweza kuwekwa lionekane lote, ao lionekane tu kwamba saa hiyo kuna shuguli, ao lisionekane kabisa kwa wale uliogawana nao. Hiyo ni nzuri, tuitumie. Lakini kuficha kwa wasomaji hakufichi kwa yule anayeshika mashine yenyewe, ao aliyeiba neno la siri. Ndiyo maana tunasema kwa nguvu: tarehe za makuta, tarehe za kusafirisha mzigo na majina ya walinzi wa depo hayaingii ndani ya kalenda, hata kwa kufichwa. Hayo yanabaki vichwani mwa watu watatu wanaojulikana na komite.

Vile vile tusiandike nani alikimbia na amelala wapi. Kalenda ni ya kazi.

Na ikitokea watu wamekimbia, mashine inaweza kubaki nyuma, kuibiwa ao kuungua. Kila mwisho wa mwezi tutoe faili ya tarehe na kuiweka ndani ya flashi mbili, zikae kwa watu wawili wa vijiji tofauti, zikiwa zimefungwa kwa neno la siri. Watu wakirudi katikati ya msimu, swali la kwanza litakuwa kama bado kuna siku za kutosha kwa mahindi ya miezi mine, ao tushike maharagi ya miezi mitatu. Jibu linatoka kwenye tarehe za miaka iliyopita. Bila hizo tunabahatisha, na anayebahatisha na mbegu chache anaweza kupoteza zote.

Wanaosema daftari inatosha

Hawakosi haki. Daftari haiombi umeme, haina neno la siri la kusahau. Sisi hatusemi itupwe. Kila mwanzo wa mwezi, sekretere achapishe ao aandike kwa mkono ukurasa mmoja wa tarehe za mwezi huo, ubandikwe depo, kanisani, kwa mkubwa wa nyumba kumi, na usomwe kwenye redio ya jamii. Mama asiye na simu ya kugusa asikose habari juu ya mashine. Kama kalenda inafaidisha wenye simu kubwa peke yao, tumeongeza ukuta mwingine ndani ya koperative.

Daftari iko na mipaka yake lakini. Haikumbushi mtu. Iko moja, na mwenye kuishika akisafiri, imesafiri. Mtu akifuta tarehe na kuandika nyingine, wengine hawajui. Kalenda ya pamoja inabadilika mahali pamoja, na kila simu inayopita depo inapata tarehe mpya.

Wengine wanaogopa kazi ya kuitunza, na hapo tunakubaliana nao kabisa. Mashine inataka kusafishwa vumbi, programu zake kufanywa mpya, nakala kutolewa. Koperative isiyo na mtu wa kufanya hayo afazali ibaki na daftari nzuri kuliko kununua sanduku litakalokufa kisha miezi sita. Lakini kuna njia ya katikati: koperative tatu ao ine za jirani zitumie mashine moja, kila moja na kalenda yake na rangi yake, na zichangie malipo kidogo ya kijana anayeitunza. Tunajua kushirikiana mashine ya kusaga. Hii nayo ni mashine.

Tunaomba nini

Kwenye mkutano ujao wa komite, mtu mmoja asimame aulize maswali matatu. Kwanza: tarehe zetu za mwaka huu ziko wapi leo, na kwa jina la nani? Pili: huyo mtu akiondoka kesho, tutabaki na nini? Tatu: ni mwanamemba gani hawezi kuzisoma, na tutamfikishia namna gani?

Kama majibu yanaleta ukimya, tuanze bila mashine. Tuchukue karatasi kubwa, tuandike miezi 12, tuweke kwanza tarehe za mbegu, kisha za depo, kisha za sheria. Tuangalie zinapogongana. Karatasi hiyo ndiyo itaingizwa ndani ya mashine siku itakapofika, na anayekuja kuifunga atakuta kazi ya kichwa imekwisha kufanyika. Kama mashine iko tayari, basi kalenda iwashwe mbele ya mwezi wa sita, juu tarehe ya kwanza ya msimu A ni ile ya kuweka alama kwenye mashina ya mbegu.

Na kwa mashirika yanayotusaidia, hata lile linalotoa jarida hili: mkija na mradi mpya, msituletee kalenda yenu. Ombeni kuona ya kwetu.